Nafasi ya Juu ya Unga

Ofisini walimwita Bwana Kadi, kwa kuwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili kwenye vipande vya manila, neno moja kadi moja. Kanuni yao haikuwa na msamaha: neno lisilo na mfano uliotoka kinywani mwa mtu halikuingia kitabuni.

Mifano yake aliipata kwa mkewe. Mhariri mkuu hakulijua hilo. Kila jioni Bwana Kadi alisoma maana, na mkewe, huku akichekecha unga, alijibu papo hapo kwa sentensi tamu kuliko za wasomi wote wa jengo lile. Ukitaka kujua, nusu ya kamusi ile ni sauti ya mama huyo.

Kisha binti yao wa pekee akafariki, kwa homa ya siku nne tu, akiwa na miaka kumi na saba. Nyumbani walimwita Mchwa, maana alikula mpaka baba yake akamtania kwamba akimaliza unga atahamia kwenye milango. Tangu mazishi mkewe hakusema neno na mtu, miezi minane sasa. Bwana Kadi aliendelea kuleta kadi, akasoma, akangoja. Hakuna kinachochosha kama kusema peke yako mbele ya mtu umpendaye.

Jioni moja kadi ilikuwa ya neno la ajabu, ullage. Akasoma: "Nafasi inayobaki tupu ndani ya chombo, juu ya kilichomo. Hutumiwa na wenye mapipa ya mvinyo na mabaharia wa meli za mafuta." Akaongeza kwa mazoea tu, "Sisi tungesemaje, mke wangu?"

Mkewe akafunua debe la unga.

"Unaona lilivyojaa?" Sauti ilikuwa imekauka. "Zamani nikifunua, mkono unazama mpaka kiwiko ndipo niguse unga. Ile nafasi tupu ndiyo ilikuwa mwanangu."

Bwana Kadi aliandika huku machozi yakilowesha kadi. Alilia kwa uchungu na, Mungu amsamehe, kwa furaha pia.

Kesho yake mhariri mkuu aliisoma, akaipindua, akaisoma tena.

"Mfano mzuri, mzee wangu. Lakini neno lenyewe nani analitumia? Tunabana kurasa. Litoke."

"Liache hili moja tu. Miaka yote hii sijakuomba kitu."

"Nikiliacha, kesho kila mtu ataniletea lake."

Jioni alimkuta mkewe amesimama mlangoni, akimsubiri kama zamani.

"Wameliweka?"

Angeweza kudanganya. Kamusi ilikuwa bado miaka miwili itoke. Lakini huyu alikuwa mtu aliyezoea kutoa maana kama ilivyo, na mazoea yana taabu.

"Wamesema halitumiki."

"Halitumiki," mkewe akarudia, taratibu. Akaenda jikoni, akafunika debe. Hilo ndilo neno la mwisho alilowahi kumpa mumewe.

Siku hizi kamusi imeshatoka, na jioni Bwana Kadi humsomea mkewe sentensi zile zile alizompa zamani, moja baada ya nyingine. Mama yule husikiliza akiwa amempa mgongo. Debe bado lipo pale pale, limejaa. Unga umeshaingia wadudu, na kati ya mume na mke hakuna mwenye moyo wa kuumwaga.