Wa Kwanza Kuitika

Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, chama chetu cha watafiti wa mtandao huwaita wanachama kwa barua pepe, na asiyeitika huondolewa. Miaka mitatu mfululizo wa kwanza kuitika alikuwa mwasisi wetu, na miaka yote hiyo alikuwa kaburini.

“Nimeipata. Vuta subira, nitakujibu.” Aliyaandika maneno hayo siku aliyolazwa, akauachia mtambo umjibu kila mtu kwa niaba yake. Kanuni zikamhesabu yu hai, na katibu wetu, mdogo wake waliyeachiana ziwa, hakuwa na haraka ya kuzisahihisha.

Mwaka huu tulikutana kuandika upya kusudi la chama. Mwenyekiti, ambaye tulimwita Waya kwa kuwa haamini kisichopitisha umeme, aligonga meza.

“Dada, ifunge ile anwani. Leo, mbele yetu. Watafiti wazima tunapigwa chenga na jibu la mtambo!”

“Kaka alisema tunachunguza watu, si nyaya.”

“Watu, ndiyo. Walio hai.”

Katibu alifungua kompyuta. Alikuja kuniambia baadaye kwamba kila asubuhi, kabla ya chai, alimwandikia kaka yake: mama kaamka salama, bomba limepasuka tena. Alijua fika anayemjibu ni mtambo. Aliwahi hata kuandika makala juu ya jambo hilo. Ila moyo wake haukuwa umeyasoma makala hayo. Akiifunga anwani, nani tena atamwambia avute subira?

“Nipeni dakika moja,” alisema.

Tukainamisha vichwa, kila mtu akigusagusa simu mapajani mwake. Katibu akaweka kidole juu ya kitufe. Hapo simu ya mwenyekiti ikalia. Aliwahi kuifunika kwa kiganja, lakini katibu, aliyeketi ubavuni mwake, alikwisha kusoma: Nimeipata. Vuta subira, nitakujibu.

“Na wewe?”

“Kila Ijumaa,” alisema Waya, machozi yakimlengalenga. “Ningemwambia nani mwingine, dada?”

Ikalia ya mweka hazina. Ikalia nyingine kule nyuma. Kisha ikalia yangu.

Katibu aliondoa kidole, akatutazama mmoja mmoja kama mwenye msiba anayetazama waliofika.

“Haya, semeni,” alisema taratibu. “Sisi ni chama cha nini?”

Hakuna aliyeitika. Simu tu ndizo zilizoendelea kulia.