Wale Sita wa Mbele

Mwezi wa sita mwaka 2015 wachezaji wetu wa mbele walianza kushindwa, na mimi, mwalimu wao, niliamini kwamba sababu naijua. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu kwa neno moja: uvivu.

Timu yetu ilicheza raga, ile ya watu kumi na watatu kila upande, si ile ya kumi na watano wanayoipenda Wakenya. Kule Kongo sikuwahi kuiona. Niliijua hapa Buffalo, Marekani, katika shule ya jioni, nikiwa na miaka sitini na moja. Mzee wa Kiingereza aliyetufundisha lugha aliicheza ujanani kwao, akanipa kitabu cha sheria nikisome kama zoezi. Nilikimaliza kwa miezi mitatu, kamusi mkononi, na hakuna neno nililoliruka. Vijana wetu wa mtaa wa Black Rock walipotaka mchezo wa Jumamosi, mimi ndiye niliyekuwa na sheria, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Katika mchezo huo timu yenye mpira huangushwa mara sita, kisha humwachia mpinzani. Wachezaji sita wa mbele ndio hubeba mpira katikati, mahali pa kuumia. Anaubeba mmoja, anaangushwa na watu watatu, anainuka, anaubeba mwingine. Wale saba wa nyuma wana mbio na sifa, lakini wa mbele wasiposogea, wa nyuma hawana pa kukimbilia.

Kiongozi wa wale sita alikuwa Theogene, mwenye jezi namba nane. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mabega kama mlango, na maneno machache. Yeye na wenzake hao watano walifanya kazi ghalani, wakianza saa kumi na moja alfajiri, kupanga maboksi. Mkewe, Nyiramahirwe, alikuwa bado katika kambi ya Nakivale, Uganda, pamoja na mtoto ambaye Theogene alimwacha akiwa hajatembea. Faili lao la kuja Marekani lilikuwa limekwama mwaka wa tatu.

Mwezi wa tano tuliwapiga Columbus nyumbani kwetu, 38 kwa 12. Wa mbele walicheza kama ng'ombe dume waliofunguliwa zizi. Wiki tatu baadaye Louisville walikuja Buffalo wakatushinda 30 kwa 14. Nikasema ni bahati mbaya. Jumamosi iliyofuata tukaenda Columbus, saa tano za barabara, tukapigwa 34 kwa 10, na hapo sikusema tena bahati.

Niliandika kila kitu. Kila mchezaji alisogea hatua ngapi na mpira, alikosa kumshika nani, dakika gani. Hesabu zilionyesha kwamba wale sita walianza vizuri, kisha baada ya dakika ya ishirini na tano waliisha kama betri. Gaël, aliyekuwa mdogo kuliko wote sita, alianguka mwenyewe bila kuguswa. Nilimmwagia maji kichwani nikamwambia uwanja si kitanda.

Mchezo huo wa Columbus ulipokwisha niliwasimamisha mbele ya timu nzima. Niliwaambia nimeona magunia ya mihogo yanayosimama vizuri kuliko wao. Niliwaambia kwamba sisi tulitembea kutoka milima ya Minembwe hadi Uvira na mizigo vichwani, na wao wanashindwa kukimbia saa moja na dakika ishirini kwenye majani yaliyokatwa na mashine. Mwisho nilimgeukia Theogene.

“Kule Louisville ukicheza hivi,” nikasema, “hutavaa tena hiyo namba nane. Na nitawaeleza watu wetu wote madukani Grant Street kwa nini.”

Aliinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu.

Lazima niseme jambo lingine la mwezi huo, kwa sababu lilikuwa langu pia. Mimi ni mzee wa kanisa. Mwishoni mwa Mei, Theogene aliomba kanisa limsaidie kumwombea mkewe, na baraza likakubali mfungo wa siku arobaini kwa ajili ya familia zote zilizobaki kambini. Mimi ndiye niliyeandika tangazo na kulisoma. Niliandika kama tulivyoandika siku zote huko milimani: hakuna kula tangu alfajiri mpaka jua lizame, maji yanaruhusiwa, wagonjwa wasifunge. Kisha nikakunja karatasi. Mimi mwenyewe nina kisukari, kwa hiyo nilifunga kidogo tu. Wazee wenzangu walifungua saa kumi na mbili jioni, kama tulivyozoea. Kuhusu vijana, sikufikiri kwamba walikuwa wanafunga kabisa. Wengi wao husali wakiwa na simu mkononi.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Louisville, Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa kumi jioni. Tukishinda, tunaingia fainali. Tukishindwa, mwaka umekwisha. Tulisafiri Ijumaa kwa magari mawili ya kukodi, tukalala katika nyumba za waumini. Mwalimu wa Louisville alikuwa Ruhimbika, ambaye nilimfundisha darasa la tano huko Uvira. Sasa yeye ni msimamizi katika kiwanda na ana kipenga shingoni, na mimi sikupenda kwamba mwanafunzi wangu amenitangulia kwa pointi sita.

Siku ya mchezo, mchana, Laurentine, mke wa Ruhimbika, alitupikia kwenye ukumbi wa kanisa lao: bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharagi, samaki wa kukaanga. Joto lilikuwa kali. Nilikuwa nakula na Ruhimbika, Laurentine akaja, mikono kiunoni.

“Mwalimu, chakula changu kina nini?” akaniuliza. “Vijana wako sita hawakugusa hata kidogo. Ama kule Buffalo munakulaka theluji?”

Watu walicheka. Mimi nilitazama meza ya mwisho. Walikuwa wale sita wa mbele, wote pamoja. Sahani zao zilikuwa zimejaa, na kila mmoja alikuwa na chupa ya maji.

Nilimwita Theogene nje, kwenye kivuli cha gari.

“Mnafunga?”

Aliificha chupa ya maji mgongoni. Nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba anayefunga hajitangazi.

“Theogene, nakuuliza kama mzee wako.”

“Ndiyo, mzee. Siye sita. Hawa wengine walisema hawataniacha peke yangu.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Leo ni ya makumi tatu na ine.”

“Siku thelathini na nne. Na mnafungua saa ngapi?”

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

“Jua ikizama, mzee. Ni vile mulisoma.”

Nilisimama pale na mkono juu ya gari, na bati lilikuwa la moto lakini sikuutoa. Huko kwetu jua huzama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, na hakuna anayehitaji kuuliza. Buffalo mwezi wa sita jua huzama karibu saa tatu usiku. Miaka sita nilikuwa nimeliona dirishani mwangu, na siku nilipoandika tangazo sikulikumbuka. Wazee walifuata saa. Vijana hawa walifuata karatasi yangu.

“Hapa Louisville ni saa tatu na dakika kumi,” akasema Theogene. “Tuliangalia kwa simu. Columbus ilikuwa saa tatu na dakika mbili.”

Kwa hiyo waliamka saa kumi, wakainua maboksi mchana kutwa, wakaja mazoezini saa kumi na mbili, nikawakimbiza, na chakula chao cha kwanza kilikuwa karibu saa za kulala. Gaël hakuwa amelala uwanjani. Alikuwa amezimia, na mimi nikamtania.

Nilimwambia kosa ni langu. Nilimwambia kwamba mimi niliyesoma tangazo ninaweza kulitengua, nao wakae mezani wale, Mungu hatawadai.

“Hapana, mzee.”

“Nimesema nawafungulia.”

“Bon, mzee, mimi nakuheshimu. Lakini hii ahadi haikuwa yako. Niliitoa juu ya Nyiramahirwe. Siku sita zinabakia. Nikikula leo juu ya mpira, nitamwambia nini kwa simu?”

Nilimwambia basi hawatacheza, maana joto hilo litaua mtu, na Gaël atakuwa wa kwanza.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. “Usinitoe, mzee. Ulisema mbele ya wote. Ukinitoa leo, Grant Street yote itajua Theogene ni mvivu. Mke wangu ana dada pale. Habari itafika Nakivale mbele ya faili.”

Nilirudi ndani nikamvuta Ruhimbika pembeni. Kumwomba mwanafunzi wangu kitu halikuwa jambo dogo kwangu, na nililifanya vibaya, nikizunguka, mpaka aliponiuliza kwa upole ninachotaka. Nilimwambia yote. Nikamwomba tuusogeze mchezo wiki moja mbele. Alisikitika kweli. Lakini uwanja ulikuwa umekodiwa siku hiyo tu, mwamuzi alikuwa ametoka mji mwingine, na fainali ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mimi mwenyewe nilijua sheria kuliko yeye: timu isiyofikisha wachezaji inapoteza mchezo. Nilikuwa na saba wa nyuma na watatu wa akiba.

“Waache wacheze, mwalimu,” akasema. “Labda watavumilia.”

“Labda,” nikasema. “Nipe fomu ya kujitoa.”

Aliandika mwenyewe kwanza, kwa haraka ya kunisaidia: wachezaji wa mbele hawako tayari. Nilimwambia akate mstari huo. Kisha nikachukua kalamu nikaandika chini yake, kwa Kiingereza na kwa herufi zangu nzuri: mwalimu alifanya kosa lililowazuia wachezaji wake kucheza, wachezaji hawana lawama. Nikatia sahihi jina lote, Nyarugabo Ezéchias.

Kisha niliita timu yote na kuwasomea. Niliwaeleza kuhusu tangazo, jua, na maneno niliyosema Columbus. Niliwaomba radhi wale sita mmoja mmoja, kwa majina, na Gaël mara mbili. Nilitegemea, sijui kwa nini, kwamba itakuwa nyepesi baada ya hapo. Wa nyuma walikasirika, na walikuwa na haki. Walikuwa wamesafiri siku nzima kuja kupoteza mchezo bila kuvaa viatu. Mmoja alitoka akipiga mlango.

Theogene alibaki amesimama.

“Tungecheza, mzee,” akasema.

“Najua.”

“Pengine tungeshinda.”

“Pengine.”

Akatikisa kichwa, akaenda kuwasaidia Laurentine na wenzake kukunja meza. Hakunishukuru, na sikustahili.

Mwaka wetu wa mchezo ulikwishia hapo. Siku arobaini zilitimia Ijumaa iliyofuata, na faili la Nyiramahirwe halikusogea wiki hiyo, wala mwezi huo. Jumapili nilisimama kanisani nikasahihisha tangazo, ingawa mfungo ulikuwa umekwisha na baraza lilinishauri nisijisumbue.

Grant Street ndiyo ilikuwa ngumu. Watu wetu wote hupita pale, kwenye maduka ya unga na ya kutuma pesa, na kila mtu alikuwa na swali moja: ilikuwaje Buffalo wakashindwa bila kucheza? Mara ya kwanza nilijibu kwa sauti ya chini. Mara ya tatu nilikuwa nimejifunza. Nilisema ni kosa langu, nikaeleza kosa lenyewe toka mwanzo, saa kwa saa, hata kwa yule aliyetaka jibu fupi tu aende zake.

Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya foleni ya duka la unga nikimweleza mzee wa Kirundi aliyecheka sana aliposikia habari ya saa tatu na dakika kumi. Alisema kwa hiyo vijana walikuwa dhaifu. Nilimwambia hapana, walikuwa na njaa, na waliinuka kila walipoangushwa, na mimi nina hesabu zao kwenye daftari. Nilipogeuka, Theogene alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, mfuko wa unga begani. Ilikuwa zamu yake kulipa. Aliacha wawili wampite, akangoja nimalize kueleza.