Mahari Pangu

Kitendawili, wewe unayenisikiliza! Hamsini na wawili wa nyumba moja: ukiwaona mgongoni huwatofautishi, wakigeuka kila mmoja ana uso wake. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, umenipa Biharamulo mjini, nimefika, nimekunywa chai na maandazi mawili. Jibu lake ni karata.

Vijana wetu wa Runazi zamani walicheza karata za turufu tu. Siku hizi wamejifunza poka kwenye simu, na mimi nikajifunza kwao, maana sipendi kupitwa. Unagawiwa karata zako, unazificha, unaweka punje za mahindi katikati. Mwenzio akiongeza, nawe uongeze, au useme "nalala", uziweke karata chini na hasara yako iishie hapo. Ree ndiyo kubwa yao. Ukizipata tatu, moyo unataka kuruka.

Sasa mjukuu wangu Avelina alikuwa ameposwa na Ndizeye, mtoto wa Matiasi wa Nyamigogo. Asili yao ni Burundi, wakulima hodari, ila herufi ya L waliisahau mpakani. Sisi wa hapa nasi tuna zetu, tusicheke sana. Mahari ilikuwa ng'ombe mtamba mmoja mwekundu, aletwe Jumamosi.

Alhamisi hiyo nilikuwa napepeta maharage na Avelina, mara jirani yangu Bonifasia huyo, mbio, ndoo kichwani na unga hamna.

"Mama Restituta, kaa chini!"

"Nimekaa, huoni?"

"Umeme umekatika mashineni, watu wako kwenye foleni wanacheza poka. Ndizeye ameweka mahari!"

Ungo ukamponyoka Avelina, maharage yakatawanyika na kuku wakashukuru.

"Umeona au umesimuliwa?" nikamuuliza.

"Kwa masikio yangu haya! Celestini anayecheza naye kaongeza, mkweo naye akasema, naweka mahari. Nikakimbia."

Avelina aliingia ndani. Akafunga mlango. Kwenye poka kuna makosa mengi, lakini lililo baya kuliko yote ni kuweka katikati kitu ambacho ukikikosa nyumba haisimami. Na mjukuu wangu angeolewa na mtu wa namna hiyo?

Hatujapoa, Ndizeye akaingia uani anasukuma baiskeli, gunia la mahindi limefungwa nyuma, halijasagwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtamba yuko wapi?"

"Nyumbani, bibi. Amefungwa kwenye migomba."

"Si umemweka kwenye karata?"

"Nimweke mimi?"

"Usikatae!" Bonifasia akaruka. "Nimekusikia: naweka mahari yangu!"

"Hapana, mama. Nirisema naweka mahari pangu."

"Pangu?" nikauliza.

"Ndiyo, bibi. Mahari pangu kwenye foreni. Nirikuwa karibu na mrango wa mashine, sasa niko mkiani. Nimeona nipite kuwasarimu kwanza."

Jamani, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mahali! Kijana wa watu ameweka mahali pake!

"Bonifasia, mahari ilianza lini kuwa na pangu?"

"Mimi nilisikia mahari," akajitetea, huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Hiyo pangu ilinikuta nimeshafika barabarani."

Mlango ukafunguka. Avelina akasimama kizingitini, na yeye hakucheka.

"Na kama Celestini angekwambia umweke mtamba, ungemweka?"

Ndizeye akatazama gunia lake. Akamtazama Bonifasia, kama mtu anayeogopa kutangazwa redioni.

Nikaona nimsaidie kijana, nikaanza kumsema. "Ninyi mna kosa moja, mnataka kucheza kila mkono. Mtu kagawiwa takataka, naye anaongeza! Akiliwa, anaifukuza hasara kama kuku aliyechomoka tengani, mpaka anaanguka nayo mtaroni. Kulala si aibu. Na wewe, Ndizeye, ukipata karata nzuri masikio yanakucheza."

"Kweri, bibi?"

"Hata mimi nimeyaona," Bonifasia akasema.

Akayashika masikio yake mwenyewe, tukacheka tena. Lakini Avelina alikuwa bado pale pale kizingitini.

"Nimekuuliza," akasema taratibu. "Sitaki kuolewa nikiwa nalala jicho wazi. Leo mtamba, kesho shamba. Nijibu mbele ya bibi."

Ndizeye akaegemeza baiskeli ukutani. Akafuta jasho.

"Wamenicheka, Averina. Foreni yote. Wamesema mimi mwoga, sitafaa kuwa na mke. Ndiyo maana nirinyamaza."

"Wamekucheka nini?"

"Nirishaweka mahari pangu. Cerestini akasema hapatoshi, ongeza mtamba. Wote wakapiga kerere: ongeza, ongeza!"

"Ukaongeza?"

Bonifasia akashika mdomo. Mimi nikayatazama masikio ya Ndizeye, yalikuwa yametulia.

"Nirirara," akasema Ndizeye. "Ree tatu mkononi, Averina, na nirirara."