Neno la Shangazi

Kaka yangu Hakim alifika kwangu mtaa wa Namakwekwe, Mbale, na wazee wawili wa ukoo, kanzu zimepigwa pasi, nikajua mara moja amekuja kumchukua Shadiah. Mtu haji na wazee kutoka Jinja kumsalimia dada yake.

Shadiah ni binti wa mdogo wetu Adrisi, askari magereza, ambaye mwaka huo wa tisini na saba alikuwa rumande Jinja kwa shtaka la kumuua mkewe, Mastula. Mtoto alikuwemo chumbani siku hiyo. Bi Margret, ofisa wa ustawi wa watoto, alimleta kwangu kwa amri ya korti, na tangu afike hakuwa ametamka lolote kuhusu mama yake. Sikumuuliza. Niliogopa jibu, maana Adrisi nimembeba mgongoni mimi.

Sasa kesi ilikuwa inakaribia kusikilizwa. Hakim alitaka mtoto akae kwake, na nilijua atakachomfundisha kusema: mama aliteleza.

Kwetu, hakuna mwanamume anayesemea jambo la binti kabla ya shangazi yake. Hata siku ya posa wanaume hukaa kimya mpaka shangazi afungue mdomo, na neno lake likishatoka mbele ya wazee halirudishwi. Mila hiyo ndiyo Hakim aliyoitegemea. Alimwalika hata Bi Margret, ili serikali isikie kwamba ukoo umeamua. Mimi hakuniuliza mapema. Dada wa mshtakiwa angesema nini tena? Tangu utotoni ndugu yangu huyu hudhani kimya changu ni ndiyo.

Basi tukakaa mkekani, wakanywa chai yangu. Hakim alizungumza sana kuhusu damu na heshima, kisha akanigeukia.

"Dada Hajarah, mutoto ni yetu. Wewe ndiyo shangazi. Sema, huyu mama ya serikali asikie."

Nikasema.

"Adrisi ni ndugu yangu, chakula ya gereza mimi mwenyewe nitamupelekea. Lakini mutoto hatabeba kesi ya baba yake. Shadiah anabaki hapa. Nimemaliza."

Hakim akataka kujibu. Mzee aliyekaa kulia kwake akamgusa goti, akamkumbusha kwamba shangazi ameshasema na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwomba aseme. Hakim akaanza kutafuta viatu vyake. Nilifurahi, sitaficha. Bi Margret aliomba chai nyingine.

Walipoondoka nilimkuta Shadiah nyuma ya pazia. Aliniuliza kama kweli haendi. Nikamwambia haendi. Akataka kujua aseme nini kortini.

"Ile uliona. Hiyo tu."

Akakaa karibu nami, akaanza kusimulia polepole, tangu mlango ulipofungwa. Hakuna aliyeteleza. Nililia mbele yake bila aibu, lakini mkono wake sikuuachia. Alipomaliza akasema ana njaa, nikampikia.

Jumatatu, Shadiah akiwa shuleni, nilipanda basi kwenda Jinja na chakula cha Adrisi kama nilivyoahidi. Alikuwa amekonda. Alifungua bakuli, akaniuliza kama binti yake amesema chochote.

Nilimtazama yule mtoto niliyembeba mgongoni.

"Kula," nikamwambia.