Ng'ombe wa Kijivu Haondoki

“Mtoto wa mfugaji hali mchana!” Mzee Gidabuday alirudia kwa mara ya tatu, fimbo yake ikigonga nguzo ya zizi. “Mimi sikula. Baba yangu hakula. Huyu ameanguka kwa sababu shule imemlegeza. Leo anaondoka na ng'ombe.”

“Haondoki,” alisema Konsolata.

Alfredi, mumewe, aliyekuwa akifunga mzigo wa safari ya kupeleka ng'ombe mbugani, aliacha kamba ikalegea mkononi. Mke wa mtoto hamjibu baba mkwe hivyo. Konsolata mwenyewe alisikia masikio yakimwaka moto, lakini neno lilikuwa limeshatoka na hakuona sababu ya kulirudisha.

Helena, binti yao wa miaka tisa, alisimama nyuma ya mama yake ndani ya sare ya shule, mkwaruzo mbichi shavuni. Jana mchana alianguka kwenye shamba la shule, jembe mkononi. Mwalimu Verdiana, yule Mhaya aliyeletwa kufundisha hapo kijijini, alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Hakukaa hata kunywa maji.

“Mama Helena,” mwalimu alisema, “kengele ya saa sita ikilia, wenzake wanatoa viazi walivyobeba. Huyu na watoto wengine wa wafugaji wanakaa nyuma ya darasa, wanajifanya wameshiba. Asubuhi anasoma kuliko wote. Mchana hasomi hata jina lake. Hana ugonjwa. Ana njaa.”

Usiku ule Konsolata hakulala vizuri. Yeye pia alikuwa amelelewa hivyo hivyo, na hakuwahi kumfungia mwanawe kitu chochote cha kubeba.

“Baba,” alisema sasa, akishusha sauti. “Ulipokuwa unachunga, jua likifika utosini, ulikuwa unafanya nini?”

“Nachunga.”

“Na tumbo likikukata?”

“Tumbo ni kitu gani? Unamshika ng'ombe aliye karibu, unajikamulia mdomoni, unaendelea na kazi.”

Alfredi aliinamia mzigo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. “Mimi nilikuwa namaliza chuchu mbili,” alisema. “Jioni mama anamtukana ndama.”

“Nyamaza wewe! Hayo ni maziwa. Mimi nasema chakula.”

“Basi mlikula kila siku, baba,” alisema Konsolata. “Hamkuyaita chakula kwa sababu hapakuwa na moto wala sahani. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki, ng'ombe wanakwenda kukaa mbugani miezi mingi, na Helena anakwenda shule. Asubuhi chai ya rangi, jioni ugali, katikati jembe na jua. Ng'ombe waliondoka na chakula chake cha mchana. Sisi tukabaki na maneno matupu kwamba hali.”

Uso wa mzee ukafunguka.

“Umesema vizuri sana. Basi awafuate ng'ombe, akanywe.”

Alfredi alimtazama mkewe. Hapo kweli Konsolata alikuwa amebanwa.

“Ng'ombe ndiye atakayebaki,” alisema Konsolata.

“Yupi?”

“Wa kijivu.”

“Alaa! Nani alikupa ng'ombe wa kumbakiza?”

“Wewe, baba. Siku ya kuolewa nilisimama mlangoni pako nikakataa kuingia. Shangazi wakanibembeleza, nikakataa. Ukatoka mwenyewe ukasema, ingia mwanangu, nakupa wa kijivu na wote atakaowazaa. Huyu wa sasa ni binti yake. Maziwa yake ni ya nyumba yangu, hata mume wangu hayagusi bila kuniomba. Au ulinidanganya ili niingie?”

Mzee alimgeukia mwanawe. Alfredi alitazama juu, kama mtu anayetafuta mvua.

“Ulisema, baba. Watu wote walisikia.”

“Mwenyekiti wa kijiji amekataza ng'ombe kuzurura mashambani!”

“Hatazurura. Nitamkatia majani.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Utachoka.”

“Nitachoka. Mimi ni mtu mzima, nina haki ya kuchoka. Mtoto anayekua hana cha kuazima mwilini.”

Hakungoja jibu. Alimnyang'anya Alfredi kamba, akapenya katikati ya ng'ombe, akamfunga wa kijivu pembe na kumvuta nje. Ndama alifuata akilia. Konsolata alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya nyumba, akachuchumaa, akakamua. Kibuyu kilipojaa alikiziba, akakivalisha ukanda na kumtundikia Helena begani.

“Kengele ya saa sita ikilia, unakunywa. Wale mnaokaa nao nyuma ya darasa, wape. Na usikae tena nyuma. Kaeni mbele, watu wawaone mkinywa.”

“Helena, njoo hapa,” aliita babu yake.

Mtoto alimtazama mama yake.

“Mwamkie babu, kisha uende. Umechelewa.”

“Shikamoo, babu.”

Mzee Gidabuday alitafuna midomo. Lakini shikamoo haiachwi hewani.

“Marahaba,” alisema, na mtoto akashika njia ya shule mbio, kibuyu kikimgonga ubavuni.

“Usikimbie, utamwaga!” Konsolata alipaza sauti. Kisha alichukua mundu chini ya paa, akampita mkwewe kwa heshima, kichwa chini, akapanda mlimani kukata majani.