Shada la Mlangoni

Mshonaji aliingia duka la maua miguu ikimwaka moto, mgongo umekakamaa kwa kushinda kwenye cherehani. Dada yake mkubwa alikuwa amepofuka mwaka ule na kuhamia kwake. Tangu hapo mshonaji hakujua tena usingizi mtamu: dada akiamka usiku hupapasa kuta za ukumbi, hugonga mlango huu na ule, mwisho humwita ampe maji.

"Naomba shada la majani mabichi."

Muuza maua akashusha sauti. "Pole sana kwa msiba, mama."

"Sijafiwa. Ni la kutundika mlangoni."

Muuzaji akachangamka, akamletea shada la utepe mwekundu na vitunda vinavyong'aa. Mshonaji akafumba macho, akalinusa. Halikunukia kitu. La pili lilimchoma vidole. Akabaki amefumba macho, usingizi ukimnyemelea pale pale aliposimama.

"Mama, u mzima?"

"Nachagua."

La tatu, la mkaratusi, harufu yake ilimfikia kabla hajaligusa. Majani yalikuwa laini, ya baridi.

"Hili."

"Mbona ndilo baya kuliko yote!"

"Mwenyewe hataliona," alisema mshonaji, akatoa pesa.

Nyumbani, dada aliinua pua. "Nani ana mafua? Nasikia dawa ya kifua." Alipolipapasa na kulizungusha, akaguna. "Shada! Mdogo wangu, umechoka kuniuguza, sasa unanizika?"

"Dada nawe! La mlango wa chumba chako, ulinuse usiwe unapotea."

"Chumba changu nakijua." Dada akamrudishia shada. " Kinachonipotea ni choo."

"Choo? Si huwa unaniita nikupe maji?"

"Ulitaka nisemeje? Mimi niliyekuogesha utotoni, nikuombe unipeleke chooni? Nasingizia kiu. Ukishanishika mkono na kunirudisha chumbani, najua nilipo, ukilala napapasa kutoka hapo hadi chooni."

Mshonaji alikaa kitini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kisha wakaenda pamoja, dada akishikilia stuli, yeye akigongomea msumari kwenye mlango wa choo.

"Wageni watatuonaje?" aliuliza dada.

"Watajua tumestaarabika."

Kesho yake mshonaji aliamka jua limeshapanda. Hakuna aliyekuwa amemwita.