Muzee wa makala na mukimbiaji

Zamani Chilufya alikuwa wa kwanza katika mbio ya muji. Leo, kisha kuvunjika muguu na kungoja miezi munane, iko wa mwisho kabisa, na anaogopa muguu hautamufikisha kwenye mustari wa mwisho. Katika soko ya Kampemba akataka kuacha.

"Mwana, mimi natoka mbali, kule Annexe, na magunia tatu ya makala ya kupikia," akasema Papa Ruphin, muzee mwenye kuuzisha makala, akisukuma kinga yake, baiskeli ya kubebea mizigo, pembeni yake. "Na nakupita?"

"Hautanipita, papa."

Muzee akasukuma na nguvu yote. Bamama ba soko wakapiga vigelegele, lakini vya muzee. Bale wawili wakashindana mpaka kwenye mustari, na gurudumu ya mbele ya kinga ikatangulia kuvuka. Chilufya akacheka mpaka akakaa chini: ameshindwa mara mbili, na wakimbiaji na muzee wa makala, na muguu haumuumi hata kidogo.